Bibi Mkubwa Achague Kwanza

Nianze na aliyechelewa, ambaye hakuwepo nilipoanza kusimulia kisa hiki, maana hata aliyechelewa ana haki yake ya kunicheka.

Mume wangu amefariki. Ameacha wajane wawili na magari mawili, kwa hiyo mngedhani hesabu ni rahisi. Mimi ndiye mke mkubwa. Mke mdogo tunamwita Manukato, kwa sababu akifika mahali pua zinajua kabla ya macho.

Gari la kwanza ni pikapu. Imebeba mchanga, mbao, mbuzi na mimi. Mimi nilikuwa nakaa nyuma na mbuzi. Mbele palikuwa pa mizigo inayovunjika.

Gari la pili ni la spoti, milango miwili, njano kama kiini cha yai, na liko chini kiasi kwamba kuku akikatiza mbele yake, yeye na dereva wanatazamana usoni. Marehemu alilinunua mwaka ule magoti yalipoanza kumsumbua. Daktari alimwambia apunguze chumvi. Yeye akaongeza mwendo.

Wiki iliyopita ukoo ulikaa, ukaamua: bibi mkubwa achague kwanza, linalobaki ni la bibi mdogo. Vizuri sana. Lakini mimi, kwa busara zangu nyingi, nikaomba neno. Nikasema kila mtu akishapata lake, asiliuze, asiligawe, asilibadilishe, mpaka mwaka uishe. Atakayekiuka, gari lake liende kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa anaongoza kikao.

Shemeji alikubali haraka mno. Ningekuwa na akili ningeshtuka palepale.

Nia yangu mlishaijua. Mimi nafua mashuka ya hospitali ya uzazi, na mashuka hayatembei yenyewe. Nichukue pikapu yangu, Manukato abaki na lile la njano, asiweze kuliuza wala kubebea hata gunia la mkaa. Akae nalo uani kama mtu aliyeolewa na picha.

Watu wananisifu kwamba mimi ni mama mvumilivu. Huo ndio uvumilivu wangu: nanyamaza, huku napanga.

Haya. Tulipoachia kisa, nilikuwa nimesimama uani, magari mawili mbele yangu, ukoo mzima nyuma yangu, na shemeji ameshika funguo zote mbili.

"Bibi mkubwa," akasema, "uwanja ni wako."

Nikapiga hatua kuelekea pikapu. Mguu wangu mmoja ulishafika. Nasema kweli, mguu haukuwa na kosa.

Nyuma yangu nikasikia kilio.

Nikageuka. Manukato alikuwa amelala juu ya boneti ya lile gari la njano, mikono ameitandaza, shavu kwenye bati, analia kama ndiyo kwanza mume anafariki. Siku ya maziko yenyewe hakulia hivyo. Siku ya maziko alikuwa na wanja.

"Hapa!" akasema. "Hapa ndipo alipokuwa ananiita malkia!"

Wanawake wote uani wakafanya, "Aaaah."

Malkia.

Mimi nimekaa na yule mwanamume tangu akiwa na baiskeli isiyo na breki. Nimemzalia, nimemuuguza, nimemfulia soksi ambazo zingeweza kusimama zenyewe. Jina langu katika maisha yote hayo lilikuwa "wewe." Akiwa na furaha sana, "wewe bwana." Na kiti cha gari lile sijawahi kukikalia hata kwa bahati mbaya. Siku moja nilipoegemea mlango wake, aliniambia nitalikwaruza.

"Bibi mkubwa," shemeji akaita, "tunakusubiri."

Nikafungua mdomo kusema pikapu. Nilikuwa na neno lenyewe ulimini, tayari, limekamilika.

"Hilo la njano," nikasema.

Kuku mmoja akakohoa, au mjomba wa mtu.

Binti yangu wa mwisho, ambaye ndiye dereva wetu nyumbani, alinifinya kwenye mkono mpaka nikaona nyota mchana. "Mama! Mama, umekosea kidole?"

"Sijakosea."

"Pikapu ndiyo ile kubwa. Ile yenye sehemu ya kuweka vitu."

"Naijua pikapu."

Manukato aliinua uso kutoka kwenye boneti. Midomo ilikuwa imeacha alama pale, nyekundu, kama muhuri. Akanitazama. Nikaona ameshindwa, nikafurahi. Ilikuwa furaha nzuri sana. Ilidumu mpaka nilipotaka kuingia garini.

Gari la namna ile hukai. Unaanguka. Unageuza mgongo, unajiachia, unaomba kiti kiwe bado kipo. Nilianguka vizuri tu. Lakini magoti yangu yakawa karibu na masikio, na nje sikuona barabara, niliona viuno vya watu.

"Mama," binti akasema alipowasha, na gari likanguruma mpaka vioo vya jirani vikajibu, "swali moja tu. Mashuka tutayaweka wapi?"

"Mungu hamtupi mtu."

"Hilo ni jibu la gari lipi?"

Mtoto ukimsomesha udereva anafikiri amesomea na maswali.

Jumapili ukoo mzima ulikuwa umeshanieleza nilichofanyiwa. Kila aliyekuja kunipa pole alikuja na maelezo yaleyale: Manukato amekuchezea, mama. Alilia makusudi. Alijua ukimwona anakitaka kitu utakichukua. Akakusukuma kwenye lile la njano kama ng'ombe anayeingizwa zizini, na pikapu akabaki nayo yeye.

Nikaamini. Ningeacha vipi kuamini? Ilikuwa akili ya hali ya juu, na mtu akikushinda unapenda kusikia kwamba alikuwa na akili ya hali ya juu. Nikawa nawasimulia hata wasiouliza. Niliongeza kwamba alinikonyeza.

Hakunikonyeza.

Jumatatu ikafika, kama ilivyo desturi yake mbaya.

Lazima nieleze hapa kidogo kuhusu mashuka, halafu tuendelee. Hospitali inanipa machafu Alhamisi, mimi na binti tunaloweka, tunafua, tunachemsha kwenye mapipa, tunaanika, tunapiga pasi, tunafunga mafurushi, na Jumatatu asubuhi yanatakiwa yawe mlangoni kwa mtunza stoo. Mtunza stoo ni mwanamke mmoja mnene, mpole, asiyesamehe. Marehemu alipofariki, mtunza stoo huyo aliniambia, "Pole sana mama. Wiki hii nakuvumilia. Wiki ijayo usipoleta kwa wakati, kazi nampa mwingine, halafu nitakuja kukupa pole ya pili."

Kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba yangu. Nimeifanya tangu hospitali ina jengo moja. Sina nyingine, na kwa umri huu hakuna anayeningoja mlangoni na nyingine.

Basi tukaanza kupakia gari la spoti.

Buti lake lilimeza furushi moja, na hilo moja lilibidi tulikalie kwanza. Kiti cha nyuma, ambacho waliokitengeneza walikuwa wanatania, kikaingia moja. La tatu tukaliweka juu ya paa tukalifunga kwa kamba ya kuanikia.

"Mengine?" binti akauliza.

"Tutarudia."

"Mama, hili gari likitoka hapa mpaka kona linakunywa mafuta ya pikapu ya wiki nzima. Tukirudia mara nyingine mbili itabidi tuuze mashuka."

"Washa gari."

Akawasha. Mbwa wakajificha.

Hatukufika mbali tukakutana na tuta la barabarani. Gari likakwaruza tumbo, likalia mlio ambao marehemu angeusikia hata alipo. Binti akarudi nyuma. Akafikiri. Akanitazama, akanitazama tena, kuanzia juu mpaka chini.

"Usiseme," nikamwambia.

"Mama, ni uzito tu."

"Nimesema usiseme."

Nikashuka. Kushuka kwenyewe alinivuta mpita njia, ambaye alidhani ni ajali. Nikavuka tuta kwa miguu, gari likavuka nyuma yangu pole pole kama bwana harusi, nikaanguka tena ndani. Tuta la pili, hivyohivyo. Kwenye tuta la tatu nilikuwa nimeshapata watazamaji. Muuza magazeti mmoja akapiga makofi.

"Bibi, hilo gari linakusindikiza wewe, au wewe ndiye unalisindikiza?"

"Nalifundisha adabu," nikamjibu.

Kwenye kona ya sokoni furushi la paani likaona limechoka. Paa la gari lile limeinama kama kipara cha mzee, halishiki kitu. Furushi likateleza taratibu mbele ya kioo, likatuziba macho kabisa, halafu likashuka barabarani na kufunguka. Mashuka niliyoyapiga pasi kwa mkono wangu yakatandikwa kwenye matope kama kuna mgeni wa heshima anapita.

Mgeni wa heshima alikuwa lori la kokoto. Likapita.

Binti alikamata usukani, mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Nikamwekea mkono mgongoni.

"Pole, mwanangu."

"Mama," akasema kwa shida, "malkia naye alikuwa anapitaje kwenye haya matuta?"

Alikuwa anacheka. Nimezaa mimi, nimelea mimi, lawama nampa nani.

Tulifika hospitali na mafurushi mawili, na yale ya tope nimeyapakata. Mlinzi wa geti aliliona gari, akavaa kofia, akakakamaa, akapiga saluti. Akatufungulia geti kubwa lile la wageni wakuu, akatukimbilia mbele, akaondoa kiti chake mwenyewe ili tuegeshe penye kivuli, pa mganga mkuu.

"Karibu sana mheshimiwa!" Akafungua mlango kwa mikono miwili.

Mheshimiwa nikatoa mguu mmoja. Nikatafuta ardhi. Nikatoa wa pili.

Mlinzi akanitambua. "Aka! Si mama wa mashuka?"

"Ndiye."

Akaniangalia, akaangalia gari, akashusha sauti kwa huruma. "Mmekuja haraka hivyo, mgonjwa ni nani?"

"Mimi. Kichwani."

Mtunza stoo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Nyuma yake, kupitia dirisha la wodi, niliona kitu kilichonikata maini: akina mama waliojifungua usiku wa jana wamelalia mapazia. Mapazia ya kijani ya ofisini, yenye maua. Mmoja alikuwa amemfunga mtoto wake kwenye kitambaa cha meza.

"Mama," mtunza stoo akasema, "umeleta mashuka au umeleta gari tulione?"

"Mashuka, mwanangu. Haya hapa."

"Haya ni mafurushi mawili."

"Mengine yanakuja."

"Yanakuja kwa zamu? Yamepangiwa foleni?" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, labda akitumaini mafurushi yataongezeka. "Ile pikapu iko wapi?"

Pikapu ilijibu yenyewe. Iliingia getini wakati huohuo, ikitoa ule mlio wake wa kukohoa mara mbili kabla ya kusimama, mlio ninaoufahamu kuliko sauti za wanangu. Ilikuwa imeoshwa. Mwanaharamu mmoja alikuwa ameiosha. Nyuma peupe, mbele shemeji kwenye usukani, na ubavuni mwake Manukato, amejifunga mtandio kama anakwenda kupigwa picha.

Shemeji akashuka, akizungusha ufunguo kidoleni.

"Habari za kazi, madam," akamwambia mtunza stoo. Mimi hakunisalimu. "Tumesikia mna tatizo la nguo kuchelewa. Shemeji yangu huyu ameanzisha kampuni ya usafi. Ana gari lake, ana nguvu, ana moyo."

Kampuni! Nikamtazama Manukato kucha zake. Ndefu, za zambarau, kila moja ina nyota. Kampuni nzima haijui sabuni inatangulia au maji yanatangulia.

"Shemeji," nikasema kwa ile sauti yangu ya uvumilivu, "hii kazi ni yangu."

"Ni yako, nani amekataa? Fanya." Akaangalia mafurushi yangu mawili, akaangalia gari la njano, lenye tope na alama ya midomo bado kwenye boneti. "Si umechagua mwenyewe? Tulikulazimisha?"

Mtunza stoo, ambaye ni mtu wa mashuka na si wa maneno, alikuwa ameshaanza kuizunguka pikapu na kupima kwa macho. Shemeji akamfuata, anafungua ubao wa nyuma, anapiga piga chuma kama muuza ng'ombe. Binti yangu akawafuata wote wawili, anawatajia matobo yote aliyoyajua kwenye bodi, na mengine aliyoyatunga hapohapo.

Nikabaki mimi na Manukato.

Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama gari.

"Umelipakia mashuka ya tope," akasema. "Kiti kimelowa."

"Ni maji tu."

"Kile kiti ni cha ngozi, dada. Maji yanakiharibu."

"Hongera kwa kampuni," nikamwambia. "Umenicheza, umenipata. Sasa na mate yangu unataka kunimezea?"

"Nimekucheza nini?"

"Usijifanye. Kilio chako kile! Ulijua nitalichukua ukilililia."

Manukato akafungua mdomo, akaufunga. Nimemjua mwanamke yule miaka kumi na moja, na kila alipofungua mdomo kulitoka kitu, hata kama hakikuwa na maana. Siku ile hakikutoka.

"Dada," akasema mwishowe, "na wewe unayaamini hayo?"

"Ukoo wote unayaamini."

"Wananisifia mpaka naona aibu. Wifi amekuja jana kuniomba ushauri wa kesi yake ya kiwanja. Mimi!" Akajigusa kifuani. "Dada, tuambizane ukweli. Akili hiyo ningeitoa wapi?"

Nikamtazama. Nikatafuta akili usoni mwake, kwa bidii, kwa sababu nilikuwa naihitaji sana iwepo. Haikuwepo. Palikuwa na wanja uliomwagika na pua nyekundu.

"Sasa ulikuwa unalia nini?"

"Nilikuwa nalitaka gari langu." Akaanza tena, machozi haya hapa. "Nililitaka kweli. Kwenye pikapu alikuwa mume wako, dada. Anafoka, ananuka mbuzi, anaulizia risiti. Kwenye hili alikuwa wangu. Nilijua wewe utachukua pikapu, kila mtu alijua, nikasema basi na mimi nitabaki na changu. Halafu ukageuka ukaninyang'anya."

Ndugu zangu, mimi nimeshawahi kumwagikiwa maji ya pipa la kuchemshia. Afadhali yale.

Maana kama ni hivyo, basi hakuna aliyenifanyia kitu. Hapakuwa na mtego. Nilikuwa na pikapu yangu mguuni, nikaiacha ili mwenzangu akose kitu kimoja alichokuwa anakipenda duniani. Na nikafanikiwa! Nimepata gari nisiloweza kulitumia, yeye kapata gari asiloweza kulitazama, na kila mtu ananipa mimi pole.

"Na hii kampuni?" nikauliza, kwa sababu ilibidi niulize kitu.

"Kampuni ni ya shemeji. Anasema pikapu isipofanya kazi itaozea uani. Ufunguo anakaa nao yeye. Nikitaka kwenda sokoni anasema mafuta hakuna. Lakini kila asubuhi inatoka, dada, na mimi simo ndani. Leo ndiyo kanipandisha, kwa sababu alihitaji mwanamke wa kuonyesha watu."

Nikageuka kumtazama shemeji. Alikuwa amempa mtunza stoo mkono ili apande nyuma ya pikapu akaikague vizuri. Mtu mwenye adabu zake.

"Tubadilishane," Manukato akanong'ona. "Mimi nichukue langu, wewe uchukue lako. Leo hii. Tumalize."

"Haiwezekani. Kuna sharti."

"Sharti gani? Kikaoni mimi sikuwepo."

"Asiuze, asigawe, asibadilishe, mpaka mwaka uishe. La sivyo linakwenda kwa shemeji."

"Mjinga gani aliweka sharti kama hilo?"

Nikakohoa.

"Aaa," akasema. "Samahani, dada."

Tukasimama hapo wajane wawili, tumenyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza tunanyamaza pamoja. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa ananyamaza kwa upande wake.

"Basi tusibadilishane," nikasema. "Pikapu ibaki yako, mimi nifue, wewe ubebe. Kumbebea mtu mzigo si kumgawia gari. Nyumba moja, kazi moja."

Sijui maneno yale yalitokea wapi. Wiki iliyopita ningekunywa sabuni kwanza.

"Na mimi nitapiga pasi," akasema Manukato. "Pasi naijua."

"Unaijua kweli?"

"Naijua kwa kuiona."

Mtunza stoo akarudi, akijifuta vumbi mikononi. Shemeji nyuma yake, meno yote nje.

"Nimeamua," akasema. "Pikapu inafaa."

"Mwanangu," nikadakia, "tumeelewana mimi na mwenzangu. Mimi nafua kama siku zote, yeye atabeba. Tutakuwa wawili."

"Wawili sitaki."

"Lakini—"

"Mama, sitaki. Mwaka juzi nilikuwa na watu wa mkate, mmoja anaoka, mmoja anabeba. Mkate ukichelewa, mwokaji anamsema mbebaji, mbebaji anamsema mwokaji, na wagonjwa wanakula maneno. Nguo na gari viwe vya mtu mmoja. Likiharibika jambo, namshika shati mmoja." Akaturudia wote kwa macho, mmoja mmoja. "Sasa niambieni, nina akina mama wamelala kwenye mapazia. Hii pikapu ni ya nani?"

"Ni ya huyu," shemeji akasema upesi, akimsukuma Manukato bega mbele. "Shemeji yangu mdogo. Mkurugenzi."

"Basi kazi ni yake. Mama, utanisamehe."

Hivyo tu. Miaka yangu yote ya mapipa na moshi ikaisha kwa maneno hayo, na aliyasema kwa upole, maana yeye ni mtu mpole.

Mkono wa binti yangu ulikuwa umeshanishika kiwiko, na nilikuwa natazama chini, natazama vidole vyangu. Sabuni imevila mpaka havina alama. Nadhani na Manukato alikuwa anavitazama.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?" shemeji akauliza.

"Pikapu si yangu. Ni ya dada. Nimempa."

Ufunguo uliokuwa unazunguka kwenye kidole cha shemeji ukasimama.

Mwanamke huyu, miaka kumi na moja, hajawahi kunipa hata njiti ya kiberiti. Nikimwomba chumvi alikuwa anasema imelowa. Leo kanipa pikapu nzima, na katika watu wote duniani, kachagua kunipa mbele ya mtu mmoja asiyetakiwa kusikia.

"Mama mdogo!" binti yangu akamaka. "Rudisha hayo maneno!"

"Umempa lini?" shemeji akauliza. Taratibu. Kwa upendo kabisa.

"Sasa hivi."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Madam, umesikia? Umesema nini, shemeji? Umempa? Basi." Akageuka kwa mtunza stoo. "Naomba unikumbukie maneno hayo. Kuna siku nitakuja kukuomba uyarudie mbele ya wazee."

Ndipo Manukato alipoelewa alichosema. Niliona kinampanda usoni kidogo kidogo, kama maji kwenye shuka.

"Mimi hayo hayanihusu," mtunza stoo akasema. Ndani mtoto mmoja alianza kulia, akamwamsha wa pili, akamwamsha wa tatu. "Mama, nijibu wewe. Pikapu ni yako au si yako?"

Nikisema si yangu, kazi inakwenda kwa kampuni, na kampuni ni shemeji. Nikisema ni yangu, kazi ni yangu, lakini pikapu nimeipokea kwa kugawiwa, sharti nimelivunja kwa mdomo wangu, na pikapu inakwenda kwa shemeji. Sharti zuri sana lile. Nililifikiria peke yangu.

Shemeji akanisogelea. Akafungua kiganja, ufunguo umelala katikati, akaniwekea chini ya pua kama mtu anayelisha njiwa.

"Pokea basi, shemeji," akasema. "Kama umepewa, pokea. Usiogope."

Manukato alikuwa ananong'ona "dada, dada," na kucha zake zote za nyota zilikuwa zimenizama mkononi. Mtunza stoo alikuwa ananingoja. Mlinzi alikuwa ameacha geti wazi, amekuja kusikiliza.

Nikaufuta mkono wangu wa kulia kwenye gauni, pole pole, mbele na nyuma, kisha nikaunyoosha. Na Mungu ni shahidi, ulipokuwa umeshafika hewani nilikuwa bado sijajua kama unaufuata ufunguo au unalifuata shavu lake.